Sura ya Sita: Daftari la Yaliyoondoka

Ingia nyumba nyingi za Ruhembe, utakuta madaftari. Mkulima wa miwa ana lake: siku aliyopalilia, mifuko ya mbolea aliyokopeshwa, tani zilizoingia kiwandani, makato yaliyopita kabla fedha haijamfikia mkononi. Mama ana daftari la kikoba, lenye hisa na marejesho. Mwenye duka ana kaunta buku ya wadeni. Kata hii ya Wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, imefungamana na sukari ya Kilombero, iliyoanza kuzalishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu waliolea watoto kwa malipo ya msimu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kuandika. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huzuni ni kinyume cha mali. Huzuni bila daftari haipotei. Hubaki bila habari. Hukaa kifuani miaka na miaka, ikatoka kama hasira kwa watoto, kama usingizi wa mang'amung'amu, kama ukimya wa baba asiyezungumzika naye, na hakuna ajuaye ilianzia wapi. Sura hii inahusu daftari moja zaidi ambalo naamini kila nyumba inalihitaji: la kuandikia yale yaliyoondoka, ili mwenyewe aweze kuyaachilia.

Daftari la msibani

Tazama msiba wa kwetu. Wanaume wamekaa nje chini ya turubai, wanawake wako ndani juu ya mikeka. Karibu na mlango pana meza ndogo, sahani ya kuwekea fedha, na kijana mwenye mwandiko mzuri. Kila anayefika hutaja jina, naye huandika: jina kushoto, kiasi kulia. Ukurasa mwingine una mchele, sukari, mafuta, mizigo ya kuni. Siku ya kumaliza matanga msemaji wa familia husimama akasoma: kilichoingia, kilichotumika kwa sanda au jeneza, usafiri, chakula, na kilichobaki. Hata shilingi elfu moja ya bibi wa nyumba ya pili inasomwa.

Ni utaratibu wa heshima. Unamwonyesha mfiwa kwamba hakuzika peke yake, na siku wenzake watakapofikwa atajua la kurudisha. Lakini daftari lile huhesabu kila kitu isipokuwa kile kilichopotea. Haliandiki kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiamka kwanza na kuwasha moto. Haliandiki kwamba wiki moja kabla walikosana kwa jambo dogo, wakaachana hawajasameheana. Mikeka ikishakunjwa na ndugu wakishapanda magari, mfiwa hubaki na hesabu ya fedha iliyofungwa na hesabu ya moyo ambayo haijafunguliwa.

Mila na dini zetu zilitenga muda kwa ajili ya hesabu hiyo. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, arobaini huwakusanya tena ndugu kwa dua au kwa misa. Ndani ya muda huo kuna sala, na kalamu inaweza kukaa kando ya sala bila kuigombania nafasi.

Wala hatufiwi na watu tu. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli ya kati ikaharibika vibaya. Wazee wa vijiji vingi vya nchi hii wanakumbuka miaka ya 1970, walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa na kuacha nyuma mahame yenye miembe na makaburi ya wazazi wao. Yupo aliyeachishwa kibarua alichokitegemea, yupo aliyepewa talaka, yupo ambaye mwanawe alikwenda Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Kwa misiba ya namna hii hatuweki matanga wala hatupitishi sahani. Anayefikwa nayo huambiwa avumilie, basi.

Methali inayosemwa mapema mno

Watu wote hao husikia maneno yale yale: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni ya kweli, ila husemwa mapema mno. Huwezi kusema jambo si ndwele kabla hujalipima. Wahenga hao hao wametuonya pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu anayenyimwa nafasi ya kutaja kinachomuuma siku ya kwanza atakitaja tu, lakini mahali pabaya na kwa mtu asiyehusika.

Kuachilia ninakokuzungumzia si kusahau, wala si kujifanya hapakuwa na kitu. Ni kujua kwa hakika nini kimeondoka, nini kimebaki, na nini hakikuwa mikononi mwako tangu mwanzo. Ukiyachanganya hayo matatu, utayabeba yote kwa pamoja, nayo yatakulemea. Ukiyatenga, kila moja litapata mahali pake. Kuyatenga kichwani ni kazi ngumu, kwa sababu usiku kichwa hurudia jambo lile lile kwa maneno yale yale. Kwenye karatasi, sentensi ikishaandikwa imeandikwa. Inayofuata inalazimika kusema jambo jingine, na hapo ndipo mawazo yanapoanza kusogea.

Waliotutangulia kushika kalamu

Asidhani mtu kwamba jambo hili limeletwa na wageni. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa ameugua kwa mwaka mzima. Mumewe Bwana Mataka, aliyetawala Siu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Katika utendi wake anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee na wino na karatasi. Wengi wetu tulifundishwa utendi huo kama mausia ya mke kwa mumewe, na mjadala juu ya mausia hayo ungali hai. Mimi nausoma pia kama kazi ya mama anayejua kwamba anamwacha mwanawe. Kubaki hawezi, kuchagua cha kumwachia anaweza. Anampa mausia, kisha anawakabidhi watoto na ndugu zake kwa Mungu. Alifariki miaka michache baadaye. Aliyoyakabidhi yako mikononi mwetu mpaka leo.

Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete mwaka uliofuata. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya watoto hao, akiwa amechoka mwili na akili, akidhani hataishi kuwasimulia. Zilichapishwa mwaka 1886. Lakini aliandika pia barua ndefu kwa rafiki wa Zanzibar ambaye hakumtaja jina, akieleza baridi, upweke na kifo cha mumewe. Barua hizo hazikuchapishwa alipokuwa hai. Zilitoka mwaka 1993. Alipofariki mwaka 1924, alizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Zanzibar. Miaka mingi ya kuandika haikumtoa Zanzibar moyoni, na sioni kwamba alishindwa. Aliachilia ikulu na cheo, mchanga akauweka. Kila mtu ana haki ya kuweka mchanga wake.

Kwa wanaume wanaoamini kwamba machozi ni aibu, nawakumbusha Shaaban Robert. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa ofisi na uhamisho, na mkewe Amina alipofariki alimwandikia shairi la maombolezo lililobeba jina lake. Aliyaeleza maisha yake ya ndoa katika wasifu wake, na kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge. Barua za kuanzia 1931 hadi 1958 zimekusanywa kuwa kitabu. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu hakuona haya kuuweka uchungu wake kwa wino.

Vitabu vya kumbukumbu vya Uganda

Mfano unaonigusa kuliko yote uko karibu nasi zaidi kwa wakati, Kampala. Mwaka 1992 wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliunda shirika lao, NACWOLA. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana kwa mtu wa kawaida wakati huo, na kina mama walijua kwamba watoto wao watabaki bila wao. Ndipo wakaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu: mtoto alizaliwa wapi, jina lake lilitoka kwa nani, baba yake alikuwa mtu wa namna gani, ukoo wao ni upi, mama anamtakia nini maishani.

Fikiria ugumu wa kazi ile. Ili aandike sentensi moja ya kumwachia mwanawe, mama alipaswa kwanza akubali kwamba ataondoka. Wengi waliandika wakishirikiana na watoto wenyewe, na kwa njia hiyo wakapata ujasiri wa kuwaambia ukweli wa ugonjwa. Dawa zilipoanza kupatikana kwa wingi miaka ya 2000, wengi wa kina mama hao wakaendelea kuishi, vitabu vikiwa kabatini na ukweli ukiwa umekwisha kusemwa. Mtu aliyejiandaa kuondoka kwa namna ile hakupoteza chochote alipobaki.

Dakika kumi na tano

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito, wengine tukio lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Tangu hapo utafiti umerudiwa mara nyingi. Mapitio ya mwaka 2006, yaliyojumlisha tafiti 146, yalionyesha kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu sitaki mtu auziwe daftari kama dawa ya kila kitu. Pennebaker aligundua pia kwamba wanaofaidika zaidi ni wale ambao maneno yao hubadilika kadiri siku zinavyokwenda: siku ya kwanza hueleza kilichotokea, siku za mwisho huanza kuandika "kwa sababu" na "sasa naelewa". Anayerudia malalamiko yale yale kila siku hapati nafuu kubwa. Kwa hiyo lengo ni kusogea, hata kama ni hatua moja.

Ukurasa mmoja wa mfano

Tuseme ni mjane wa Ruhembe mwenye shamba dogo la miwa. Kurasa zake zingeweza kuwa hivi:

"Jumatano usiku, watoto wamelala. Baba watoto, leo nimesogeza buti zako za shambani nikafagia, halafu nikazirudisha palepale. Tope la msimu uliopita limekaukia kwenye soli. Nimekasirika. Deni la mbolea hukuniambia, nimelisikia kwa karani mbele ya watu."

Siku ya pili: "Bado nina hasira ya lile deni. Lakini nadhani hukuniambia kwa sababu ulitaka ulimalize kabla sijajua. Ndivyo ulivyokuwa hata kwa ada ya mtoto."

Siku ya tatu anagawa ukurasa mara tatu kwa mistari miwili. Juu ya sehemu ya kwanza anaandika Kimeondoka: sauti yako asubuhi, mtu wa kushauriana naye, miaka tuliyosema tutajenga. Juu ya pili, Kimebaki: watoto, shamba, jina lako kwa majirani, namna ulivyonifundisha kupanga mbegu. Juu ya tatu, Hakikuwa mikononi mwangu: ugonjwa wako, gari lililochelewa, siri ya deni.

Siku ya nne: "Buti nitampa shemeji. Deni nitalilipa kwa awamu mbili, nimeongea na karani. Shamba silitoi."

Angalia kilichotokea. Hakuna mahali alipoandika kwamba amesahau. Hasira ameitaja, akaitafutia sababu, akaona ni nini hakuwa na uwezo nacho. Kisha akaachilia kitu kimoja kinachoshikika, buti, na akashika kwa nguvu kitu kingine, shamba. Daftari limemsaidia kutofautisha viwili hivyo.

Kuachilia moyo, kushika haki

Hapa pana hatari ambayo lazima niiseme. Wapo wanaohubiri kuachilia kwa watu waliodhulumiwa, hasa wajane, ili wao wapate kuchukua. Hilo si kuachilia, ni dhuluma ya pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mjane anaweza kuachilia uchungu dhidi ya shemeji na bado akapeleka shauri la shamba kwenye baraza.

Kilosa inajua uzito wa haki ya ardhi. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mgogoro wa aina hiyo unatatuliwa kwa mipaka inayoheshimiwa, viongozi wasioegemea upande na sheria inayofuatwa. Daftari la mtu mmoja haliwezi kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana nashauri kurasa mbili tofauti: mmoja wa uchungu, mwingine wa ushahidi, wenye tarehe, majina ya mashahidi na nakala za karatasi. Ukurasa wa kwanza unaweza kuuchana ukimaliza. Wa pili utunze.

Siri na tahadhari

Nyumba zetu ni za watu wengi, na daftari lisilofichwa litasomwa. Andika ukijua hivyo. Unaweza kuliweka ndani ya sanduku lenye kufuli, unaweza kuandika na kuchoma ukurasa usiku huohuo. Faida ya kuandika haitegemei kuhifadhi. Kama yaliyomo yakisomwa yanaweza kukuletea kipigo au fedheha, choma.

Asiyejua kuandika naye asijione ameachwa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina bibi wengi wa nchi hii walipata herufi zao ukubwani. Ambaye hakuzipata anaweza kurekodi sauti kwenye simu, akajisikiliza, kisha akafuta.

Usianze siku ya mazishi yenyewe. Acha mwili upumzike kwanza na watu wawepo. Ukiona kila unapoandika unazidi kuzama, acha ukurasa huo, andika kuhusu jambo jepesi au simama utembee. Na kama umefika mahali pa kutamani kufa, au hulali wala huli kwa majuma, funga daftari uende kituo cha afya, au umwite mtu unayemwamini leo hii, si kesho.

Ukiwa tayari, tafuta daftari la shule la kawaida, lile la bei ndogo dukani. Tenga dakika kumi na tano kwa siku nne, saa ambayo watoto wamelala. Usijali mwandiko wala tahajia, kwani hakuna mwalimu atakayesahihisha. Siku ya kwanza andika tarehe na jina la kilichoondoka, hata kama hutaongeza neno jingine. Siku ya pili andika kwa nini kinauma. Siku ya tatu gawa ukurasa mara tatu. Siku ya nne chagua kitu kimoja cha kuachilia na kimoja cha kushika, kisha fanya ulivyoandika kabla juma halijaisha.